Moto Upo, Nguvu Hamna

Kile kitundu cha mviringo kilichomo kwenye dashibodi ya gari, ambamo zamani kilikaa kiwashio cha sigara na leo tunachomeka chaja za simu, hakijapata jina moja katika Kiswahili. Nimesikia kikiitwa tundu la chaji, nimesikia kikiitwa laita, na mzee mmoja dereva wa lori alikuwa akikiita tu "pale pa sigara". Kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi la magari mengi yaliyotoka Japani utakuta herufi tatu, CIG, hata kama mwenye gari hajawahi kutia sigara mdomoni. Kitu kimeacha kazi yake ya kwanza, jina likabaki. Wapenzi wa lugha hatuna haja ya kushangaa, maana tunayo maneno mengi ya namna hiyo.

Katika makala haya nitakiita tundu, nami naomba radhi kwa wale watakaotaka istilahi iliyo nzito zaidi.

Umbo lake ni jepesi kulieleza. Katikati ya kitako chake pana ncha ya chuma, na hapo ndipo upande chanya unapofika kutoka kwenye betri, ukiwa umepitia swichi ya ufunguo na fyuzi. Ukuta wake wa pembeni, ule unaouona uking'aa unapochungulia, ni upande hasi, nao umeunganishwa na bodi ya gari. Kifaa kinachochomekwa hugusa ncha kwa pua yake na ukuta kwa mabawa yake mawili, na njia ya umeme inakamilika. Kwa sababu ncha na ukuta vimekaribiana mno, sarafu moja ikitumbukia humo hugusa pande zote mbili kwa wakati mmoja, ikawa shoti, na fyuzi ikaungua papo hapo. Mafundi wengi wanapoletewa tundu lililokufa kabisa huanza kwa kumulika ndani kwa tochi kutafuta sarafu ya mtoto, au kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kabla hawajagusa kitu kingine chochote. Na wanaoijua kazi yao huchomoa fyuzi kwanza kabla ya kuingiza koleo.

Lakini tundu ninalotaka kulisimulia halikuwa limekufa kabisa. Lilikuwa katika ile hali ngumu zaidi, ya kifaa kinachojibu ukikigusa na kunyamaza ukikipa kazi.

Mimi na mwenzangu, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akikusanya tenzi zilizohifadhiwa vifuani mwa kina mama wa mwambao, tulikuwa tumevuka mto Pangani kwa kivuko hadi Bweni, tukaendelea kusini kwa barabara ya vumbi mpaka kijiji kimoja cha wavuvi. Humo alikuwamo bibi mmoja aliyetajwa kwetu na mjukuu wake. Bibi huyo alikuwa na utenzi wa nasaha aliofundishwa na mamake, naye mamake na mamake, ambao hakuna aliyewahi kuuandika. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na kesho yake asubuhi mwanawe angekuja kumchukua kumpeleka Dar es Salaam kwa matibabu, asijue atarudi lini. Siku yetu ilikuwa moja tu. Na tulipofika, saa tatu asubuhi, tukaambiwa umeme wa kijiji umekatika tangu usiku.

Kompyuta yetu mpakato ilikuwa ya zamani, betri yake haikufika hata dakika ishirini. Ndiyo maana tulibeba inveta, lile boksi dogo linalochomekwa kwenye tundu la gari na kuugeuza umeme wa volti 12 kuwa ule wa nyumbani. Tukaliegesha gari chini ya dirisha la Bibi, tukapitisha waya kwenye kioo, tukawasha. Taa ya kijani ikawaka. Tulipochomeka kompyuta tu, inveta ikaanza kulia kama kifaranga aliyepotezana na mamake, kisha ikazima. Tukachomoa kompyuta, taa ya kijani ikarudi. Tukachomeka, ikalia, ikazima.

Bibi alikuwa amekaa barazani amejifunga leso mbili, akisubiri. "Wajukuu zangu, kwani hicho chombo kinalia nini?" akauliza. Mwenzangu akamjibu kwamba kina njaa. Akacheka, akasema basi kilisheni.

Jirani mmoja mwenye pikipiki akaja na ushauri wa kwanza ambao kila mtu huutoa: fyuzi. Akafungua sanduku, akaichomoa ile ya buluu, akaitazama juani, ikawa nzima. Bado akaibadilisha, kwa kuwa alikwisha kuishika, na inveta ikalia vilevile. Ushauri wake wa pili ulikuwa kuweka fyuzi kubwa zaidi, ya njano, na hapo mwenzangu akamshika mkono kwa upole. Fyuzi ya buluu ni ya ampea 15, ya njano ni ya 20, na nyekundu ni ya 10. Rangi hizi ni lugha ambayo fundi wa Tanga na fundi wa Osaka wanaisoma sawasawa. Fyuzi ipo kuulinda waya. Aliyeutandika waya ule nyuma ya dashibodi aliupimia mzigo wake, na ukimwekea mlinzi mvumilivu kuliko mwenyewe, siku ya shoti utaungua waya badala ya fyuzi, na gari pamoja nao. Kuna watu huifunga fyuzi iliyoungua kwa kiwaya cha shaba au karatasi ya sigara. Hao sina la kuwaambia.

Tukamtuma kijana kwa bodaboda akamlete fundi umeme wa magari kutoka kituo cha jirani. Alikuja baada ya saa nzima, kijana wa kama miaka thelathini, na mkoba wa turubai ambamo mlikuwa na mita, bisibisi, kipande cha msasa, spana chache, na balbu ya taa kubwa ya mbele iliyounganishwa nyaya mbili ndefu. Ile balbu niliiona nikadhani ni ya gari la mtu mwingine.

"Mwalimu," akaniambia, maana alikwisha kusikia kazi yangu, "hebu nieleze. Hailiwashi, au inaliwasha kisha inazima?"

Nilieleza. Akaingiza ncha moja ya mita kwenye kitako cha tundu na nyingine kwenye ukuta, ufunguo ukiwa umewashwa nusu na injini imezimwa. Mita ikasoma 12.4. Mwenzangu akasema basi umeme upo, tatizo ni la inveta. Fundi akatikisa kichwa. Akachukua balbu yake, waya mmoja akaugusisha kwenye kitako na mwingine ukutani, huku ncha za mita akiziacha palepale. Balbu ikawaka, lakini kwa uwekundu wa kaa linalokaribia kufa, na mita ikashuka hadi 8.7.

"Umeona? Moto upo, nguvu hamna."

Nataka kusimama hapa, maana sentensi hii ndiyo iliyonifanya niandike. Wengi wetu tungeipita kama maneno ya gereji. Moto kwa maana ya umeme. Kuna hata waya wa moto. Mwanafunzi akiandika hivyo kwenye insha ya sayansi angekatwa alama. Ila tazama alichokisema. Kati ya ncha mbili zisizobeba mzigo wowote, tofauti ya volti ilikuwepo, tena karibu kamili. Mzigo ulipowekwa na mkondo ukaanza kupita, volti zikaanguka. Maana yake ni kwamba mahali fulani njiani pana ukinzani usiostahili kuwepo, na ukinzani huo hauonekani hadi mkondo upite. Ni kama bomba la maji lililozibwa nusu na takataka: ukilifunga, msukumo unajaa mpaka mdomoni mwa bomba na utaapa kwamba maji yapo tele, ukilifungua yanatoka yakichuruzika. Mita peke yake, bila mzigo, haiwezi kukuonyesha jambo hili, kwa kuwa mita yenyewe hunywa mkondo mdogo mno. Mwandishi wa kitabu cha fizikia angehitaji nusu ukurasa. Fundi alitumia maneno manne, na mizani tisa ukihesabu.

Ndiyo, nilihesabu. Mo-to-u-po, ngu-vu-ha-m-na. Mizani moja tu zaidi ya kipande cha utenzi. Yeye hakujua wala hakujali.

Nilimwuliza kwa nini hakutumia taa ndogo ya testa, ile wanayoipenda mafundi wengi. Akasema taa ya testa inakula kidogo, nayo ingewaka vizuri ikatudanganya. Ukitaka kumjua mtu mpe mzigo wa kubeba. Balbu ya mbele ya wati 55 hula zaidi ya ampea nne, ambazo hazikaribii kuitishia fyuzi ya 15, na zinatosha kuiumbua njia mbovu.

Sasa ilibaki kujua ubovu uko upande gani, maana njia ni mbili: ya kwenda na ya kurudi. Balbu ikiwa bado inawaka kwa unyonge wake, akafungua boneti, akarefusha waya wa mita hadi kichwa chanya cha betri, na ncha ya pili akaiweka kwenye kitako cha tundu. Mita ikasoma 0.2. Upande wa kwenda ulikuwa safi: ufunguo, fyuzi, waya, vyote vinapoteza sehemu mbili tu za kumi za volti. Akahamisha waya hadi kichwa hasi cha betri na ncha ya pili kwenye ukuta wa tundu. Mita ikasoma 3.5. Ukizijumlisha, 8.7 zinazoifikia balbu, 0.2 zinazopotea kwenda na 3.5 zinazopotea kurudi, unapata 12.4 zilezile, hesabu imefunga bila senti kukosekana.

"Ethi," akasema.

Neno hili nalo lina kisa. Ni neno la Kiingereza la ardhi, na vitabu vyetu vya shule huandika ardhi. Lakini gari limesimama juu ya mipira minne na haligusi ardhi kwa namna yoyote ya umeme. Kinachoitwa ethi ni bodi lenyewe, chuma chote cha gari, ambacho kimefungwa kwenye upande hasi wa betri ili kila kifaa kisihitaji waya wake wa kurudia. Taa ina waya wake wa kwenda, honi ina wake, feni ina wake, tundu la chaji lina wake. Kurudi, wote wanarudia bodini. Nilipomweleza fundi kwamba neno lake si sahihi, alinijibu kuwa hata jina la tundu si sahihi na bado simu zinachajiwa. Sikuwa na jibu.

Hapo barazani, nikimsubiri afungue paneli ya pembeni karibu na miguu ya abiria, nilijikuta nafikiria bahari. Wasomaji wa hapa wanajua: katika utenzi, vipande vitatu vya kwanza vya ubeti vina kina chao, na ubeti unaofuata unaweza kuwa na kina kingine kabisa, lakini kipande cha nne cha kila ubeti hurudi kwenye kina kimoja, kutoka mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Kila ubeti huenda kwa njia yake na wote hurudia mahali pamoja. Sitaki kuuvuta mfano huu mbali zaidi, kwa kuwa tumewachosha wasomaji wetu na mifano ya kila kitu kufanana na ushairi. Ila nitasema kwamba kipande cha bahari kikilegea, hata vina vya ndani viwe vizuri namna gani, utenzi mzima husikika mnyonge, na msikilizaji asiye mtaalamu hatajua unyonge unatoka wapi. Atalaumu sauti ya msomaji.

Paneli ikafunguka. Chini yake palikuwa na bolti moja iliyoshika nyaya nyeusi tatu, na chini ya vichwa vya nyaya hizo rangi ya bodi ilikuwa imeumuka kwa kutu ya kahawia na chumvi nyeupe. Hewa ya bahari haina huruma na chuma. Bolti haikuwa hata imelegea. Ilikuwa imekaza vizuri juu ya kutu. Fundi akaifungua, akakwangua vichwa vya nyaya kwa msasa mpaka vikang'aa, akakwangua bodi mpaka likaonekana chuma cheupe, akafuta kwa kitambaa, akakaza tena, kisha akapaka grisi juu yake ili unyevu usirudi upesi. Kazi ya dakika kumi na tano baada ya safari ya saa nzima. Akarudisha balbu. Safari hii iliwaka kwa weupe unaoumiza macho, na mita ikakaa 12.0. Kati ya ukuta wa tundu na kichwa hasi cha betri sasa kulikuwa na 0.1.

Niliona haja ya kuandika mahali fulani maneno aliyoyatumia siku ile, nami nayaweka hapa kwa ajili ya wanaokusanya. Betri iliyoishiwa, kwake imelala. Iliyoharibika kabisa, imekufa. Na kati ya hizo mbili ipo iliyochoka, ambayo inaamka lakini haifiki mbali. Waya ulioachana ndani ya ngozi yake ambayo kwa nje ni nzima alisema umekatikia tumboni. Kiungo kinachofanya kazi gari likitikiswa na kukataa likitulia alikiita kigeugeu. Alipotaka kusema kwamba mkondo unapita mahali usipopaswa, alisema moto unatoroka. Sijui ni yapi kati ya haya ni ya mafundi wote wa Tanga na yapi ni ya kwake, lakini hakuna hata moja ambalo sikulielewa mara ya kwanza.

Tena pana neno hitilafu. Kila nyumba au soko likiungua, taarifa husema chanzo kinadhaniwa kuwa hitilafu ya umeme, nasi tunalisoma kama jina la ugonjwa. Asili yake katika Kiarabu ni kutofautiana, na katika Kiswahili bado watu wawili wanaweza kuhitilafiana bila umeme kuhusika. Hata ukinzani, neno la vitabuni, limetoka kwenye kukinza, yaani kupinga, kumkatalia mtu neno lake. Kwa hiyo nilipomsimulia mwenzangu kwa Kiswahili sanifu yaliyotokea chini ya ile bolti, nilijikuta nikisema kwamba bodi lilikuwa likimkinza waya kwa sababu ya kutu iliyoingia kati yao, na kwamba palikuwa na hitilafu. Sentensi hiyo ingefaa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Watunzi wetu wa istilahi hawakukosea walipoyachagua maneno haya. Wasiwasi wangu ni kwamba tumeyafundisha kama vibandiko, hadi mwanafunzi hasikii tena kwamba ndani ya ukinzani kuna mtu anakataa. Fundi hana tatizo hilo, kwa kuwa kila neno lake bado lina mtu ndani yake: anayelala, anayechoka, anayetoroka.

Mwenzangu hakukubaliana nami, na hadi leo hakubaliani. Anasema lugha ya gereji ni tamu kwa sababu inazungumzia vitu vichache, na kwamba siku fundi huyo atakapotaka kuandika kitabu cha kuwafundisha wenzake wa Lubumbashi na Mombasa atahitaji ukinzani, maana neno "nguvu" lina maana tano na katika fizikia ni kitu kingine kabisa. Hapo ana hoja. Nguvu ya umeme hupimwa kwa wati, na fundi alipolitumia neno hilo hakumaanisha wati tu. Tulibishana hivyo mpaka Bibi akagonga baraza kwa fimbo yake.

Inveta ilikaa kimya, kompyuta ikachaji. Tukawasha injini kwa tahadhari, lakini Bibi akakataa katakata kusoma huku gari likinguruma. Sauti ya mamake, alisema, haikuingia masikioni mwake pamoja na ngurumo. Nikamtazama fundi. Akauliza inachukua muda gani. Bibi akasema kama kutoka adhuhuri hadi chai ya alasiri, akipumzika. Fundi akapiga hesabu kwa vidole: inveta na kompyuta vinakula kama ampea tano, betri ni ya ampea-saa 45, saa mbili ni kumi zimekwenda, gari litawaka tu. Akazima injini, akaketi kwenye kizingiti akisubiri kuhakikisha. Hakudai ujira wa muda huo.

Bibi alisoma kwa saa moja na dakika hamsini. Alisimama mara nne kunywa maji. Mara moja alikatiza ubeti katikati, akakaa kimya, akasema huo ni guni, mamake asingeuacha hivyo, akaurudia na neno moja limebadilika. Katika rekodi zote mbili zimo, la kwanza na la pili, na mwenzangu amekataa kulifuta la kwanza.

Beti ni 187. Kazi ya kuzinakili inaendelea, na tumefika ya 94, ambamo mna neno la jahazi ambalo hakuna kati yetu aliyelijua na ambalo hatujaliona katika kamusi tulizonazo. Tumempigia mwanawe simu. Bibi amefanyiwa jicho moja, anasema, na ametuma salamu. Neno hilo atalieleza atakapokuwa amefunguliwa bandeji, kwa sababu anataka kulionyesha kwa mikono.